Huyu ni Nani?

Mzee alivua kofia kabla hajasema neno.

Ilikuwa Alhamisi, kama saa nne asubuhi. Watoto wa shule aliokuja nao walikuwa wameshatupita mbio kwenda chumba cha mbele kuona mfano wa mtepe, ile jahazi ya kale, maana watoto hawana subira mbele ya chombo. Yeye alibaki nyuma. Alisimama kwenye kona ya chumba cha pili cha makumbusho yetu, mbele ya kabati la kioo ambalo wageni wengi hulipita, akavua kofia yake ya kitambaa iliyofifia rangi, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyefika matangani.

Nikamsogelea, nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kunigeukia.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Nikamjibu kama ninavyojibu kila siku. Nikamwambia hiki ni kigango, nguzo ya ukumbusho ya Wamijikenda, hasa Wagiriama. Huchongwa kwa mti mgumu usioliwa na mchwa, husimamishwa kwa heshima ya mzee aliyefariki wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi. Maneno hayo nimeyasema mara nyingi hata ulimi unayajua wenyewe. Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema, kwa upole kabisa:

"Mwanangu, sikuuliza ni nini. Nimeuliza ni nani."

Sikuwa na la kumjibu.

Hii ni wiki ya saba, na swali lile bado halijaniachia. Ninalo nikipanda matatu asubuhi, ninalo nikimwongoza mgeni, na usiku nikizima taa ninalo.

## Kadi tulizoandikishwa

Swali lile lisingeniuma kiasi hiki kama lisingenikuta na kadi ukutani.

Wiki chache kabla ya hapo tulikuwa tumeambiwa kila mfanyakazi achague kitu kimoja kati ya vilivyoonyeshwa, aandike kadi ya maneno yasiyozidi 60: kitu hiki kinakugusaje? Kadi ingewekwa kando ya lebo ya kawaida. Na si sisi waongozaji tu. Walinzi, mkata tiketi, fundi, wa stoo, wa bustani, wa usafi, wote.

Nililipenda wazo hilo na bado nalipenda. Wenzetu wa Baltimore Museum of Art huko Marekani mwaka 2022 waliwaachia walinzi 17 wachague wenyewe kazi za kuonyeshwa, na mimi niliposikia habari hiyo nilisema moyoni, hatimaye. Mlinzi hukaa na kitu kimoja saa nane kwa siku. Anajua jua la saa tisa linakipiga wapi, anajua ni mgeni wa aina gani husimama na ni yupi hupita. Lakini mwenye kuulizwa kitu hicho kina maana gani ni yule aliyekitazama nusu saa akiwa na daftari, akaondoka.

Kadi zilipokuja, zilinitoa machozi.

Mkata tiketi alichagua mbuzi ya kukunia nazi, ile ambayo kila mgeni wa pwani akiiona hucheka akasema hii mbona iko kwetu jikoni. Aliandika kwamba Ramadhani mama yake alikuwa akikuna nazi alasiri, na wao watoto walikuwa wakipima saa kwa ile sauti: ikikoma, tui linakamuliwa, adhana haiko mbali. Mama yake amefariki. Mbuzi ile ya kwenye kabati, aliandika, haijawahi kusikika ikikuna tangu alipoanza kazi hapa.

Mlinzi wa mchana alichagua ule mfano wa mtepe, lakini hakuandika juu ya tanga wala juu ya safari. Aliandika juu ya kamba. Chombo kile kilishonwa, hakina msumari hata mmoja, na kamba zake ni za makumbi ya nazi yaliyofukiwa kwenye tope la ufukoni kwa miezi mpaka yakaoza, ndipo yakapondwa na kusokotwa. Bibi yake alikuwa akiponda makumbi. "Wageni wanaona kamba," aliandika, "mimi nasikia harufu ya mikono ya bibi."

Fundi wetu wa mbao yeye alichagua mlango wa nakshi wa lango kuu. Alitupeleka tukauinamie. Kwenye mwimo wa kushoto, karibu na sakafu, kuna ua moja ambalo petali yake ya mwisho imebanwa ikawa nyembamba kuliko wenzake, kwa sababu mchongaji alikosea kupima akafika mwisho nafasi imekwisha. Nimepita mlango ule miaka 11. Sijawahi kuliona. Sasa siwezi kuacha kuliona.

Na mimi nilichagua kigango.

Niliandika kwa dakika kumi. Nainakili hapa kama ilivyo: "Kigango hiki kinanikumbusha fahari ya mababu zetu na hekima waliyotuachia. Kila ninapokipita najivunia kuwa mwana wa pwani. Ni wajibu wetu kuutunza urithi huu kwa vizazi vijavyo."

Hakuna aliyepata kosa. Kadi ikawekwa. Ilikuwa kando ya bega la mzee wakati anauliza swali lake, na nina hakika aliisoma.

## Hiki au huyu

Usiku ule nililala nikiwaza sarufi. Huenda msomaji akashangaa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Mzee alisema *huyu*. Lebo inasema *hiki*. Kadi yangu nayo inasema *hiki*. Kila mtoto wa shule ya msingi anajua kwamba ki- ya mwanzo wa neno haimfanyi kiumbe kuwa kitu. Tunasema kijana huyu, kipofu huyu, kiongozi huyu. Hata kiboko ni huyu, hata kifaru. Lugha yetu ina sikio la uhai, inasikia pumzi ndani ya neno na kulipa heshima yake. Na tukitaka kumvunjia mtu heshima, tunajua pa kukata: tunamwita kijitu hiki. Tumemtukana, na hatukuhitaji neno la tusi.

Sasa tazama wanaomsimamisha kigango wanamtendea nini. Marehemu hufa, huzikwa, na maisha huendelea. Kisha, pengine baada ya miaka, anaanza kuwajia ndotoni watu wa nyumbani kwake. Analalamika. Kunatokea ugonjwa, au mambo ya boma hayaendi. Familia inakaa, inaelewa kwamba mzee anataka mahali pake, inamtafuta mchongaji. Ubao unachongwa kichwa, mara nyingi cha mviringo, na kiwiliwili kinachorwa pembetatu kwa pembetatu kwa ncha ya kisu, kinapakwa rangi. Akishasimikwa ardhini anavishwa, vitambaa hufungwa mwilini mwake. Anapewa chakula. Anamiminiwa tembo la mnazi. Anaelezwa habari za nyumbani.

Nani huvisha kitu nguo, akakieleza habari za nyumbani?

Na akishasimama, hahamishwi. Boma likihama kufuata shamba lenye rutuba, yeye anabaki pale pale. Kwa hiyo kigango chochote unachokiona ndani ya kioo, iwe Nairobi, Mombasa au Chicago, kuna siku mtu alikishika akakitikisa, akaking'oa.

Neno hilo, kung'oa, halipo kwenye lebo yetu.

## Mashimo mawili

Kuna jambo sikuliandika kwenye kadi, nalo ndilo lililokuwa jibu la kweli la lile swali, kitu hiki kinakugusaje.

Mimi ni wa upande wa Ganze, kule Kilifi. Nyumbani kwetu ni watu wa kanisa. Baba hakuruhusu mazungumzo ya koma, yaani roho za waliokufa, aliyaita mambo ya zamani. Lakini kwenye boma la kale la babu, mwendo wa dakika tano kutoka kwetu, walisimama wawili: baba yake babu, na nduguye. Sisi watoto tulikatazwa kuwanyooshea kidole. Nilikuwa nikipita hapo nikienda kuchota maji, na jioni nilikuwa nikipita mbio.

Nilikuwa darasa la tano tulipokuta mashimo.

Mawili, kando kando. Udongo wa ndani ulikuwa mbichi, mweusi kuliko wa juu, na kwenye ukingo wa shimo moja palikuwa na kipande cha kitambaa chekundu, chembamba kama utambi wa taa. Nyanya alikaa chini hapo hapo mchangani. Baba alisimama, akatazama, akarudi nyumbani bila neno. Watu walisema ni vijana wa sokoni, kwamba kuna wanunuzi wa vinyago wanaolipa. Hakuna aliyekwenda polisi, walau sikusikia.

Na mimi nilifurahi.

Ndilo hilo. Nilifurahi kwa sababu sasa ningepita kuchota maji bila kukimbia. Nimekaa na furaha ile zaidi ya miaka 30, nikaja kuajiriwa mahali ambapo mmoja kama wao amesimama kwenye kioo, nikaulizwa kwa maandishi kitu hiki kinanigusaje, nikajibu kwamba najivunia urithi.

## Waliokuwa na picha, na wasiokuwa nayo

Tulioko kwenye kazi hii tunaijua vizuri habari ya 1985, maana ndiyo tunayowasimulia wageni. Mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda akiwa na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Aliporudi kumletea picha yake, vimeshaibwa. Miaka mingi baadaye kimoja kikatambuliwa katika Illinois State Museum, kingine katika jumba la makumbusho la Hampton University, Virginia. Vikarudi Kenya, zaidi ya miaka 20 tangu viibwe.

Vilirudi kwa sababu ya picha. Kwa sababu palikuwa na karatasi inayosema huyu ni fulani, wa boma fulani, na huyu ni nduguye.

Wengine hawakuwa na karatasi. Vigango vilikwenda Marekani kwa mamia, vikauzwa kama sanaa, vikapamba nyumba za waigizaji wa Hollywood, vikaja kutolewa sadaka kwa makumbusho. Denver Museum of Nature & Science walikuwa na 30. Walitangaza mwaka 2014 kwamba wanavirudisha, na vikafika Kenya 2019. Illinois State Museum wakarudisha 37 mwaka 2023. Nilizishangilia habari hizo na bado nazishangilia, lakini kurudi Kenya siyo kurudi bomani. Ili mtu arudi bomani ni lazima ajulikane ni wa boma lipi, na aliyeandika kwenye lebo "Giriama, Kenya" alikuwa ameandika jina la wote, yaani hakuandika jina la mtu.

Miaka yote hii nimekuwa nikiwalaumu watu wa mbali kwa hilo, na kwa sauti, mbele ya wageni.

Wiki ya pili baada ya mzee kuja, niliomba kuona daftari la usajili. Ni daftari kubwa la jalada gumu, mgongo wake umeunganishwa kwa gundi ya utepe. Nikatafuta namba ya kabati lile la kona. Mstari mmoja: kigango 1, mbao, kimepasuka upande wa kushoto, kimekabidhiwa na polisi.

Basi. Polisi walikikamata kwa nani, walimuuliza amekitoa wapi, alijibu nini, hakuna. Kwa gari hutamaliza hata nusu siku kutoka hapa hadi maboma yote ambako angeweza kuwa ametoka. Wazee wa kuulizwa walikuwa hai siku anapokelewa. Hakuna aliyekwenda kuuliza. Na kwa miaka 11 mimi pia sikwenda.

## Hodi

Mama wa usafi alikuwa peke yake kati yetu aliyekataa kuandika kadi. Alisema hana la kusema, na sisi tukadhani ni mambo ya kalamu.

Siku moja nilikaa naye nje kwenye ukuta wakati wa chai. Nikamhadithia habari ya mzee na swali lake. Akaweka kikombe chini.

Akaniambia kwamba kila asubuhi, kabla hajagusa kioo cha kabati lile, hupiga hodi. Kwa sauti, si moyoni. Kisha huanza kufuta chini, huenda juu polepole, na uso huwa wa mwisho. Miaka tisa sasa. Sijawahi kumsikia kwa sababu mimi huingia saa mbili, na yeye huwa ameshamaliza.

"Siwezi kumfuta mtu uso bila kumwambia nimekuja," akasema.

Nikamuuliza, mama, mbona hili hukuliandika? Ndilo zuri kuliko yote.

"Nikiandika, watakuja kunitazama mimi." Akafikiri kidogo. "Halafu ile karatasi inauliza unahisi nini. Mimi sikai nikahisi. Mimi namwamkia, naendelea na kazi."

Maneno hayo yamenivuruga kuliko hata ya mzee. Sisi sote tuliulizwa kuhusu hisia zetu, tukaziandika, nyingine nzuri sana. Kumbe mbele ya baadhi ya vilivyomo humu hisia zangu si kitu cha kwanza kinachodaiwa. Mbuzi ya nazi haidai kitu, ukiipenda imetosha. Mlango haudai. Lakini mtu, hata akiwa wa mbao, anadai kuamkiwa, na ukisimama mbele yake ukaanza kueleza unavyojisikia, umemkosea adabu.

## Kadi ya pili

Niliandika kadi mpya. Ilinichukua siku nne: "Huyu alikuwa na jina, na waliomsimamisha walimwita kwalo. Aling'olewa alipokuwa amesimama. Sisi hatukuuliza jina lake alipoletwa. Ukimjua, au ukimjua mtu anayeweza kumjua, tafadhali mwambie mlinzi."

Ilirudi na wino mwekundu. Kila *huyu* ilikuwa imekatwa ikaandikwa *hiki*. "Alikuwa" ikawa "kilikuwa". Sentensi ya kung'olewa ilipigwa mstari, na pembeni maelezo mafupi: tusiwape wageni huzuni, nia ya kadi ni kuwakaribisha.

Sitaki kumdhulumu aliyehariri. Sarufi yake ni sahihi, mwalimu yeyote angempa alama zote. Na hofu yake kuhusu wageni si ya uongo, watu hulipa kiingilio wakiwa na watoto, wanataka asubuhi njema. Tulizungumza karibu saa nzima, bila kugombana. Nilimwambia kwamba ukimwuliza mfanyakazi kitu hiki kinakugusaje, huna budi kukubali kwamba mmoja wao atakujibu: kinanigusa kwa sababu hakikupasa kuwa hapa. Hilo nalo ni jibu. Akasema analielewa, ila kadi ni ya ukutani, si ya kesi.

Lakini nami nina shaka zangu, na hizo sikumwambia.

Nimejikuta nikikaa mbele ya ule ufa wa kushoto nikijaribu kukumbuka kama mmoja wa wetu alikuwa na ufa. Naukumbuka. Halafu siukumbuki. Nikikaa zaidi naukumbuka tena, na hapo najua kwamba siukumbuki, nautengeneza. Natamani awe wetu. Ningepata mwisho wa habari yangu, mashimo yale yangezibwa. Ila akiwa wa watu wengine, na uwezekano mkubwa ndivyo, basi machozi yangu ni udongo mwingine ninaomfukia nao. Mgeni ataondoka na habari ya mtoto wa Ganze aliyechota maji, na mzee wa kwenye kioo atabaki hana jina kama alivyoletwa.

Ndiyo maana kadi haina neno moja kuhusu mashimo. Nimeyaweka hapa, mbali naye.

Kwa sasa ukutani hakuna kadi. Ya kwanza niliomba itolewe, ya pili haijapita. Kuna alama nne za utepe tu.

## Alivyofanya mzee

Sijamaliza habari ya Alhamisi ile.

Niliponyamaza, mzee hakunikasirikia. Aligeuka tena kwenye kioo, akasogea hatua moja. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kumtajia jina la mwenyeji, alitaja lake. Alisema yeye ni nani, mwana wa nani, mjukuu wa nani, wa mbari gani, anatoka wapi, amekuja na watoto wa shule na watarudi mchana. Alisema kwa Kigiriama, kwa sauti ya mtu anayezungumza sebuleni. Kisha akavaa kofia akawafuata watoto.

Juzi niliwahi kazini saa kumi na mbili na nusu. Mama wa usafi alikuwa na ndoo yake. Akapiga hodi, akafuta kuanzia chini, akamaliza uso, akanipisha.

Nikataja jina langu. Nikataja la baba, nikataja la babu. Hapo nikasimama. Baba yake babu, yule aliyekuwa na shimo la upande wa kulia, sikumjua jina. Tulikatazwa kumnyooshea kidole, na hakuna aliyetuambia anaitwa nani.

Nikatoka nje nikampigia shangazi. Yeye ndiye mkubwa aliyebaki. Nikamuuliza.

Kimya kikawa kirefu hata nikadhani simu imekatika.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza nikae."